Mnaosha Saa Ngapi?

Wanafunzi waliniita Mama Jikaze. Hawakuniita hivyo mbele yangu, lakini chuo hakina siri, na jina la utani hufika kwa mwenyewe hata likifichwa. Lilitokana na neno langu. Mwanafunzi akija analia kwamba mwenzake wa chumbani anakaanga dagaa ndani kwa jiko la umeme, namwambia jikaze, mwanangu. Akija analia kwamba mkopo haujaingia, jikaze. Aliyefeli, aliyeachwa na mchumba, aliyeibiwa simu bwenini, wote niliwapa dawa hiyo hiyo, kama zahanati iliyobakiwa na vidonge vya aina moja.

Cheo changu kilikuwa Mshauri wa Wanafunzi, katika chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Watu hudhani chuo ni walimu na mitihani. Hayo ni saa chache za siku. Zilizobaki zote zilikuwa zangu: maji yakikatika mabwenini ni mimi, mtu akianguka kwa malaria ni mimi, mawaziri wa serikali ya wanafunzi wakija na suti zao na hasira zao ni mimi. Mimi ni Mpare wa milima ya Same. Watani wetu Wachaga husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku mahakamani, na kwa upande wangu siwezi kubisha sana. Napenda utaratibu. Sheria ndogo za chuo nilizijua kwa kichwa, na mwanafunzi aliyekuja kunibabaisha nazo alijuta.

Kazi moja ya ofisi ile haikuandikwa kwenye sheria yoyote, nayo ni kupeleka habari za msiba. Mzazi akifariki, ndugu hawampigii simu mtoto aliye chuoni. Wananipigia mimi. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwa simu, yuko peke yake ugenini, akaanguka bila wa kumshika. Basi mimi namfuata alipo, natabasamu, namwambia mgonjwa amezidiwa kidogo, chukua nguo mbili tatu nikusindikize. Njiani naongea habari za mvua na bei ya korosho. Tukifika, watu wake wanampokea mlangoni, na hapo ndipo anapojua. Ni uongo, na kila mtu anajua ni uongo, lakini ni uongo wa kumbeba mtu mpaka kwao.

Wanafunzi walishaujua mwendo wangu. Walikuwa na msemo: Mama Jikaze akikutabasamia saa za vipindi, ujue kwenu wametandika mikeka. Nikipita darasani nikiwa na furaha zangu tu, naona vichwa vinainama. Wakati ule nilicheka.

Binti ninayetaka kumwandika hapa alikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kawaida ya kusimama mlangoni mpaka aambiwe kaa. Kwao ni kijiji kimoja mbele ya Madimba, upande ambako Ruvuma inakutana na bahari, familia ya wakulima wa korosho na mihogo. Alianza kuja kuniomba ruhusa ya kwenda nyumbani Ijumaa, arudi Jumapili. Mara ya kwanza nilimpa. Mara ya pili nilimpa. Alipozidi kuja, Upare ukanipanda, nikamwambia afunge mlango anieleze kuna nini huko kijijini kisichoisha.

Akaniambia mama yake ana kidonda kwenye ziwa. Hospitali walikwishafanya waliyoweza, wakamrudisha nyumbani na pamba na dawa. Kidonda kinataka kusafishwa, na mama hataki mwingine akione ila yeye, binti yake wa pekee.

"Mjomba wako je? Shangazi?"

"Mjomba anajua anaumwa, hajui wapi. Shangazi ndiyo kabisa, mama hataki hata asikie. Akijua shangazi, kijiji kizima kimejua." Aliangalia kandambili zake. "Amesema hata siku ikifika, nimwoshe mimi. Asimwone mtu mwingine. Nimemwahidi."

Mimi nikasema nini? Nilisema, "Usiongee hivyo, mama atapona. Jikaze, mwanangu." Nikampa ruhusa. Maneno yale ya kuosha niliyaweka pale ninapoweka maneno mengi ya wagonjwa, unayasikia, unaitikia, unayaacha hapo hapo.

Mama mwenyewe nilimwona mara moja tu. Alikuja mjini kliniki, akapitia ofisini kunisalimu na korosho zilizobanguliwa, kafunga kwenye kitambaa. Joto lilikuwa la kuchoma, lakini alijitanda kanga mbili na kukaa upande upande kitini. Nilijua anaficha nini, na yeye hakujua kwamba najua.

"Mwalimu," aliniambia, "huyu ntoto amalize. Mimi sikusoma. Huyu amalize."

"Atamaliza, mama. Nakuahidi."

Kwa hiyo palikuwa na ahadi mbili juu ya mwanamke yule. Moja ya binti yake, na moja yangu. Siku ilipofika, nilitimiza ya kwangu.

Siku yenyewe ilikuwa ya mtihani wake wa mwisho kabisa. Wanafunzi walikuwa wameshaingia ukumbini, karatasi zimeshagawiwa, mimi niko ofisini nahangaika na bomba la bweni la wasichana, simu ikaita. Alikuwa mjomba wa binti. Huku Umakondeni baba yupo na anaheshimiwa, lakini kwenye mambo mazito neno ni la mjomba, kaka wa mama, kwa hiyo sikushangaa kwamba ni yeye.

"Mwalimu, dada yangu katutoka alfajiri."

Nikampa pole. Nikamwuliza swali ambalo ningemwuliza mtu yeyote.

"Mnazika saa ngapi?"

"Baada ya Alasiri, inshallah. Lakini ntoto aje mapema, mwalimu."

"Atakuja, mzee wangu. Nitamleta mwenyewe."

Kwetu milimani mtu akifa tunasubiri. Maiti yuko chumba cha kuhifadhia, watoto wanatoka Dar na Arusha, mwingine anatoka nje ya nchi, wiki inakwisha. Kinachohesabiwa ni saa ya kuzika. Ukiwahi kaburini umewahi. Huku nimekaa miaka, nyumba yangu iko Chuno, majirani zangu ni Waislamu, na misiba yao nimehudhuria mingi. Lakini sisi watu wa maofisini tunahudhuria kwa namna yetu. Tunafika mambo yameshaandaliwa, tumejifunga kanga juu ya sketi, tunakaa mkekani na akina mama, wanaume wanabeba jeneza wanakwenda, sisi tunabaki, tunakula tulichopewa, tunarudi kazini. Nilijua wanawake hawaendi kaburini. Nilijua kabisa. Haikunijia akilini kwamba kama binti haendi kaburini, basi saa ya kuzika si saa yake, na saa yake ni nyingine iliyo mapema zaidi. Miaka yote hiyo mkekani, sikuwahi kujiuliza yule marehemu kaoshwa saa ngapi na nani.

Nikaenda ukumbini kumtoa. Nataka ieleweke kwamba nilikwenda kumtoa. Sheria ndogo inaruhusu: mwenye msiba anaahirisha, anafanya mtihani maalumu baadaye. Lakini baadaye ni miezi. Kuna kijana mmoja nilimtoa ukumbini hivyo hivyo mwaka wa nyuma yake, baba yake kafariki, akaenda kuzika, akaambiwa asubiri mtihani maalumu. Alisubiri nyumbani kwao Mpapura, msimu wa korosho ukamkuta, wadogo zake wakamtegemea, hakurudi tena. Nilimkumbuka kijana yule nikiwa nimeshika kitasa. Nikamkumbuka na mama mwenye kanga mbili. Huyu amalize.

Nikasukuma mlango kidogo. Vichwa viliinuka, vikaniona, vikainama haraka, kila mmoja akiomba nisije kwake. Binti naye aliniona. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, kalamu hewani. Tulitazamana. Na mimi, kwa mazoea yale ya kijinga, nikatabasamu.

Uso wake ulibadilika, mdomo ukafunguka kidogo. Nikamtikisia kichwa cha kumtuliza, kwamba endelea, hakuna kitu. Akanitazama zaidi kidogo. Kisha mabega yake yakashuka, akainama, akaendelea kuandika, tena kwa kasi. Nikafunga mlango. Nilijiambia: saa sita wanatoka, saa nane tuko kijijini, wanazika baada ya Alasiri. Anamaliza shule yake na mama anamzika. Hesabu ilinikubali, na nilijisifu moyoni.

Mjomba akapiga tena. Nilikuwa nimekaa nje ya ukumbi, simu iko mapajani, imezimwa sauti, nikaiona inatetemeka na namba yake. Nilijua akiniharakisha nitashindwa kumkatalia, kwa hiyo nikaigeuza kioo chini. Ikatetemeka mpaka ikaacha. Baadaye ikaanza tena. Hapo nikamwandikia ujumbe: Tuko njiani.

Ni uongo tunaousema wote. Mtu yuko bafuni na sabuni kichwani anasema niko njiani. Lakini kule kijijini, kama nilivyokuja kuelewa, kulikuwa na akina mama waliokwisha kuchota maji na kuyaweka tayari, na mjomba akawasomea ujumbe wangu, wakasema basi tumngoje, ntoto anakuja amwoshe mama yake. Wakakaa wakangoja gari ambalo halijawashwa.

Saa sita ikafika. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakimaliza karatasi ya mwisho wana mambo yao, wanamwagiana maji. Ndoo zilikuwa zimefichwa nyuma ya ukumbi tangu asubuhi, na mimi, mkali wa sheria, huwa siku hiyo najifanya sioni. Binti alitoka, wenzake wakamvamia, wakamlowesha kuanzia mtandio mpaka viatu. Alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kwa sauti. Alinikuta nimesimama kando ya gari la chuo, maji yanamchuruzika kidevuni.

"Mama amezidiwa kidogo," nikamwambia. "Badilisha nguo nikusindikize."

Kicheko kikakatika, lakini hakulia. Aliniuliza, "Amezidiwa? Kidogo?" Nikasema kidogo. Akaenda kubadilisha upesi, akarudi na mkoba. Nilishangaa alivyoniamini. Chuo kizima kinajua neno langu la kuzidiwa kidogo lina maana gani, na huyu alikuwa si mjinga. Nilifikiri labda furaha ya kumaliza imemlevya.

Njiani niliongea habari za mvua. Dereva wetu, aliyezoea safari zile, aliitikia pale panapohitaji kuitikiwa. Mikorosho ilipita kushoto na kulia, barabara ya mchanga ikituyumbisha. Tulipofika Madimba, karibu na mitambo ya gesi, binti alimwomba dereva asimame kwenye duka la dawa.

"Pamba itakuwa imekwisha," alisema. "Wiki iliyopita nilimwachia kidogo. Na dawa ya kusafishia."

Ningeweza kumwambia hapo. Tulikuwa karibu, gari limesimama, mkono wangu uko karibu na wake. Lakini utaratibu ni kwamba anaambiwa na watu wake, mlangoni kwao. Nikasema sawa, nenda. Tukakaa garini tukimngoja, dereva akaangalia usukani, mimi nikaangalia saa. Muuzaji hakuwapo, alikuwa amekwenda kuswali, ikabidi asubiriwe. Binti akarudi na mfuko wa karatasi kaukumbatia kifuani.

"Mama," aliniuliza tulipoondoka, "tutamkuta anaongea?"

"Tutamkuta, mwanangu."

Tulifika mapema kuliko nilivyopanga. Nakumbuka niliangalia saa na kuona tumewahi sana, Alasiri bado, na niliridhika, Mungu anisamehe, niliridhika kama mtu aliyefikisha mgeni uwanja wa ndege kabla ya muda. Wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye magogo na mabenchi. Mjomba, mtu mfupi mwenye kofia nyeupe, alisimama na kuja kwetu. Binti alishuka. Hakuuliza kama mama yake amekufa. Mikeka na wale wanaume vilikwisha kumwambia. Hakulia wala hakuanguka, nami nilikuwa nimesogea tayari kumshika. Alimtazama mjomba wake usoni.

"Nani kamwosha?"

Mjomba alivua kofia. Alinitazama mimi.

"Nani kamwosha, mjomba?"

"Tulikungoja sana, mwanangu. Mwalimu alisema mko njiani. Adhuhuri ikapita, joto hili, wazee wakasema maiti asiteswe." Akafuta uso kwa kofia. "Shangazi yako na mwosha."

Ndipo niliposikia, kwa sikio lililochelewa, yale maneno aliyoniambia ofisini akiangalia kandambili. Nimemwahidi. Nikashika mlango wa gari.

Binti hakuingia mlango wa mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba, mfuko wa pamba mkononi, na mimi nikamfuata kwa sababu sikujua pa kwenda. Nyuma kulikuwa na uzio wa makuti na chini mchanga ulikuwa umelowa, bado haujakauka, kumebaki harufu ya udi na kafuri. Alisimama kwenye ule mchanga. Mimi nilisimama nje ya uzio.

Walimfunulia uso wa mama yake amwone. Hilo alilipata, na kuna watu wananipoza kwalo. Alimwona kashavishwa sanda, kashatiwa pamba ya wengine, ametulia. Alimbusu kipaji cha uso. Baada ya Alasiri wanaume waliinua jeneza wakaondoka wakileta tahalili, na sisi tukabaki mkekani.

Nilikaa kati ya akina mama, kanga yangu kichwani, na hapo nikayasikia. Shangazi hakusema kwa ubaya. Nataka kuwa mwadilifu kwake, kwa kuwa mwenye kosa alikuwa mwingine. Alikuwa analia kweli. Mwosha alimkanya kwa jicho, maana aliyeosha hutakiwa kusitiri alichokiona, lakini huruma ilimzidi yule mama na mdomo ukaenda.

"Kifua chote, jamani! Wifi yangu kifua chote kimekwisha, na hakusema! Kaoza yu hai, hakusema!"

"Nyamaza, mwosha huoshwa," mmoja akamwambia.

Lakini lilikuwa limeshatoka. Liliruka mkeka hadi mkeka, wanawake wakishika vifua vyao wenyewe bila kujua. Binti alikuwa amekaa pembeni, mgongo ukutani. Alisikia kila neno. Alichukua ule mfuko wa karatasi, akausukuma nyuma yake, chini ya ukili wa mkeka, usionekane. Nilitaka kumwambia jikaze. Neno lilikuwa pale pale mdomoni kwa mazoea, nami nililimeza.

Nilirudi mjini na dereva kabla ya Magharibi. Hakuna aliyenilaumu. Mjomba alinisindikiza hadi garini, akanishukuru kwa kumleta mtoto, na kunitilia korosho kwenye kiti cha nyuma. Mkuu wangu kazini, nilipomweleza, alisema nimetumia busara kubwa, mwanafunzi amemaliza mtihani na amezika, nini tena. Alilitaja jambo lile kikaoni kama mfano wa kuwahudumia wanafunzi. Ningesema nini, kwamba niliuliza saa ya kuzika badala ya saa ya kuosha? Wenzangu wangenipa pole wakaendelea na ajenda ya maji.

Mtu anaweza kusema sikujua. Nimejitetea hivyo mara nyingi, na mimi ni Mpare, kesi naziweza. Lakini kila nikifika kwenye ile simu niliyoigeuza kioo chini, mtetezi wangu anakaa. Yule mzee alikuwa ananipigia kuniambia saa ya kuosha. Nilikuwa na haja gani nyingine ya kutopokea, kama si kwamba sehemu fulani yangu ilijua kuna jambo ambalo nikilisikia sitaweza kumwacha binti ukumbini? Nilichagua. Kisha nikawaandikia watu wenye msiba kwamba niko njiani.

Na huyo mama, nililochukua kwake halirudishiki. Alificha miaka miwili chini ya kanga mbili, kwenye joto la Mtwara. Mtu aliyemwamini alikuwa mmoja tu, naye nilimweka ndani ya ukumbi akijibu maswali.

Baada ya arobaini binti alikuja chuoni kukamilisha mambo yake ya kuondoka. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimekataa safari ya semina ili nisimkose. Alisimama mlangoni, nikamwambia kaa, akakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Mjomba anakusalimu."

Amefaulu vizuri. Nilimwambia hivyo, akasema ameona. Nje wanafunzi walikuwa wanagombana juu ya nani wa kwanza kwenye foleni. Nikasema kile nilichokuwa nimekipanga, na nilipofungua mdomo mpango wote ulipotea, nikabaki na neno moja.

"Nisamehe."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Nimekusamehe, mama," alisema. "Ila kuna kitu nataka ukijue, maana kinanisumbua peke yangu. Siku ile nilikuona mlangoni. Ulinitabasamia."

"Nakumbuka."

"Nilishtuka. Nilijua wewe ukitabasamu ni nini, tunajua wote. Nikataka kuinuka niache karatasi. Halafu nikajiambia, hapana. Mama Mshauri anajua. Nilimwambia kwa kinywa changu kwamba ni lazima nimwoshe mama. Ingekuwa mama kafa, yule asingeniacha hapa, angenitoa hata kwa kunivuta. Kama ananiacha niandike, basi mama yangu mzima." Alikuwa anasokota ncha ya mtandio wake. "Nikaandika kwa raha, mama. Lile swali la mwisho nililijibu huku natabasamu."